Sinki lilikuwa mlangoni: uchambuzi wa kisa cha usafi wa mikono katika kitengo cha watoto wachanga

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatoka katika hospitali ya kaunti ndogo eneo la Ziwa, magharibi mwa Kenya, mwendo wa gari usio mrefu kutoka Kisumu. Jina la hospitali, la kaunti, miaka yenyewe na vyeo vinavyoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Idadi ya watoto walioambukizwa na waliofariki nayo imeachwa, kwa kuwa katika kituo kidogo tarakimu mbili tatu zinatosha kumfikisha msomaji mlangoni mwa familia fulani. Hesabu zilizomo humu ni za kazi: dakika, lita, mililita.

Kimeandikwa kwa wauguzi, maafisa wa kliniki, madaktari na kamati za kuzuia maambukizi ambao wamewahi kuambiwa kwamba wafanyakazi wao hawanawi mikono, wakaombwa walimalize jambo hilo kwa semina ya siku moja.

Mahali penyewe

Kitengo kilikuwa chumba kimoja kirefu kilichomegwa kutoka wadi ya akina mama waliojifungua. Inkubeta zilipangwa ukutani, na vitanda vidogo upande wa madirisha. Wakati wa msongamano watoto wawili walilazwa kitanda kimoja. Mchana palikuwa na wauguzi wawili na mwanafunzi wa uuguzi. Usiku muuguzi mmoja, na ukibahatika, msaidizi wa usafi aliyekuwa akihudumia pia wadi ya jirani.

Sinki lilikuwa moja, mlangoni, karibu na meza ya kuandikia. Maji yalitoka kwenye kisima cha hospitali kwa pampu ya stima hadi kwenye tangi la juu. Stima ikipotea asubuhi, mfereji ulikauka kabla ya jioni, na hapo mitungi ya lita 20 iliyowekwa chini ya sinki ndiyo iliyotumika, kwa kikombe cha plastiki cha kuchotea. Kikombe hicho kilishikwa na kila mkono uliokuja kunawa, mchafu kwa msafi.

Sabuni yenyewe ilikuwa ya unga ya kufulia, iliyokorogwa na maji ndani ya chupa ya soda yenye tundu kwenye kifuniko. Ikikaribia kuisha, iliongezwa maji na chembe nyingine za sabuni juu ya masalio ya jana. Ukiishika chupa ile shingoni ulihisi utelezi, na utelezi huo haukuwa wa sabuni. Chupa inayoongezewa bila kuoshwa na kukaushwa hufuga vimelea, na kuna vimelea vinavyostawi vizuri sana katika maji ya sabuni yaliyopunguzwa makali. Kando ya sinki, kwenye msumari, ilining'inia taulo moja ya kitambaa iliyobadilishwa kila asubuhi. Kufikia saa nne ilikuwa imeloa.

Sanitaiza ilikuwepo. Ilikaa katika kabati la msimamizi wa kitengo, chini ya kufuli, kwa sababu chupa zilizowekwa nje miezi ya nyuma zilitoweka. Msimamizi alipotoka jioni, ufunguo ulitoka naye. Nje, langoni, palikuwa na tangi mbili za kunawia za kukanyaga kwa mguu, zilizobaki tangu siku za korona mwaka 2020. Moja ilikuwa imepasuka na nyingine haikuwa na maji.

Kilichoanzisha mambo

Katika muda wa majuma machache, watoto kadhaa waliolazwa kwa sababu ya uzito mdogo tu, bila dalili yoyote ya maambukizi, walianza kuzorota siku ya tatu au ya nne. Aliyekuwa akinyonya vizuri aliacha. Aliyekuwa na joto la kawaida alipoa mwilini. Mmoja baada ya mwingine walianza kusita kupumua. Walipewa penisilini na gentamaisini, ambazo ndizo dawa za kwanza kwa maambukizi ya damu ya mtoto mchanga katika mwongozo wa Kenya, lakini hazikusaidia.

Sampuli za damu zilipelekwa kwenye maabara kubwa zaidi mjini. Majibu yaliporudi, zilizootesha vimelea zilionyesha Klebsiela, aina ya bakteria, na orodha ya dawa ambazo vimelea hivyo vilizishinda ilifanana mno kutoka mtoto hadi mtoto. Klebsiela haijali penisilini kwa asili yake, na zile zinazozunguka hospitalini mara nyingi zimekwisha kuizoea gentamaisini pia. Hukaa vizuri mahali penye unyevu: kwenye mrija wa mashine ya kufyonza makamasi, kwenye sinki, kwenye mikono.

Watoto hawa walikuwa na mama tofauti, walinyweshwa maziwa ya mama tofauti, na walitoka vijiji tofauti. Walichoshiriki kilikuwa kifupi kukiorodhesha. Ni mashine ile ya kufyonza, chupa ya dripu ya sukari iliyogawanywa kwa watoto wengi, vitanda siku za msongamano, na mikono ya watu wanaowahudumia.

Uongozi uliitisha mkutano. Nimesoma kumbukumbu zake, na neno lililojirudia humo ni uzembe. Wauguzi waliokuwepo walikaa kimya. Kwa maoni yangu, neno hilo liligharimu mwezi mzima uliofuata, kwa sababu mtu aliyekwisha kuitwa mzembe hakwambii tatizo liko wapi.

Uamuzi wa kwanza: semina na mabango

Kamati ya hospitali ya kuzuia maambukizi iliamua kufundisha. Sababu zake zilieleweka. Semina ni rahisi kuandaa, haingoji idhini ya ununuzi, na inaonyesha kwamba hatua imechukuliwa. Wafanyakazi walikumbushwa nyakati tano za kusafisha mikono zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa), baada ya kuwa katika hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Mabango yalibandikwa juu ya sinki. Wanafunzi wa uuguzi walipewa fomu za kuhesabu nani amesafisha na nani hajasafisha.

Juma la kwanza matokeo yalipanda. Juma la tatu yalikuwa yamerudi palepale.

Fomu zile, hata hivyo, zilikuwa na jambo ambalo kamati haikuliona mapema. Wafanyakazi walikuwa wakisafisha mikono vizuri kiasi baada ya kumhudumia mtoto, hasa baada ya kugusa kinyesi, damu au matapishi. Kabla ya kumgusa mtoto, na kabla ya kuweka kanula, idadi ilishuka sana. Hali hii imeonekana katika hospitali nyingi duniani. Mtu anayehisi uchafu mkononi huenda kuutoa bila kukumbushwa; anajikinga yeye na watoto wake nyumbani. Mkono unaoonekana safi haumsukumi mtu popote, ingawa dakika moja iliyopita ulishika reli ya kitanda cha jirani. Kwa hiyo nusu iliyokosekana ilikuwa ile inayomlinda mtoto. Bango la jumla la "nawa mikono" haliwezi kuigusa tofauti hiyo.

Zaidi ya hayo, kuhesabu kulifanyika mchana, na mtu akijua anatazamwa hunawa. Usiku haukuwa na fomu.

Usiku mmoja katika kitengo

Muuguzi mmoja wa makamo, aliyekuwa na miaka mingi kazini kuliko wote katika kamati, ndiye aliyebadilisha mwelekeo. Baada ya mafunzo ya marudio alisema kwa heshima kabisa: "Mwalimu, kunawa najua. Njoo usiku unionyeshe nitanawia wapi." Wawili wa kamati walikubali kukaa zamu nzima ya usiku bila fomu, wakiwa wamekaa kwenye kiti pembeni na kusaidia walipoombwa.

Kitengo kilikuwa na watoto wapatao 20. Kila mtoto alilishwa kila baada ya saa tatu, wengi wao kwa mrija wa puani au kwa kikombe. Muuguzi alianza inkubeta ya mwisho kabisa, mbali na mlango. Alivaa glavu, akampima mtoto joto, akaangalia mrija, akamlisha, akafunga dirisha la inkubeta kwa kiwiko, akahamia kwa wa pili na glavu zilezile. Kwa wa tatu alizivua, akatazama kule sinki lilipo, akatazama watoto waliobaki, akavaa nyingine juu ya mikono yenye jasho. Mtoto mmoja karibu na dirisha alianza kubadilika rangi, naye akakimbia kwake moja kwa moja. Nani angemwambia apitie mlangoni kwanza?

Asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu walipiga hesabu pamoja naye, na hesabu hiyo ndiyo ninayopenda kila kamati iifanye kwa kitengo chake. Watoto 20, milo minne katika zamu ya saa 12, mara mbili za kusafisha mikono kwa kila mlo, kabla na baada. Hizo ni mara 160, tukiacha kanula, nepi, dawa na dharura zote. Kunawa kwa sabuni na maji kwa usahihi huchukua sekunde 40 hadi 60, ukiacha kwenda na kurudi. Kwa dakika moja kila mara, ni saa mbili na dakika 40 za kusimama kwenye sinki, kwa muuguzi aliye peke yake, kwa ajili ya kulisha tu. Sanitaiza iliyopo mkononi huchukua sekunde 20 hadi 30, na mtu huweza kuisugua huku anamtazama mtoto.

Kisha wakahesabu dawa yenyewe. Kiganja kimoja cha sanitaiza ni kama mililita 3. Milo minane kwa siku, watoto 20, mara mbili: mara 320, karibu lita moja kila siku. Kitengo kilikuwa kikipewa mtungi wa lita 5 kwa mwezi. Kwa kulisha peke yake, mtungi ule ungekwisha siku ya tano au ya sita. Ukilinganisha na kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani hutumia katika fomu yake ya hospitali kujitathmini, angalau lita 20 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulazwa, kitengo kilikuwa kwenye lita 8 na kidogo hata kama kila tone lingetumika. Wafanyakazi walikuwa wakilaumiwa kwa kutotumia kitu ambacho hakikuwepo.

Jambo la mwisho lililoonekana usiku ule lilikuwa mikono yenyewe. Muuguzi aliifungua chini ya taa: ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imekauka na kupasuka kwa sabuni ya kufulia, nyufa nyembamba nyekundu. Sanitaiza ikiingia katika nyufa hizo huchoma, na wengi walikuwa wameamini kwamba sanitaiza ndiyo iliyowachubua.

Maamuzi yaliyofuata na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kuacha kumvuta muuguzi kwenye sinki na kuipeleka sanitaiza alipo mtoto. Kila inkubeta na kila kitanda kilipata chupa yake, ikaning'inizwa upande wa mkono wa kulia kwa kimo cha kiuno. Sinki likabaki kwa mikono inayoonekana kuchafuka, kwa kuanza zamu, na kwa akina mama wanaotoka nje. Hapa kamati ilitegemea uzoefu ulioandikwa. Katika hospitali ya chuo kikuu cha Geneva, Uswisi, Didier Pittet na wenzake walipoweka dawa ya mikono yenye alkoholi kando ya vitanda na kuendesha kampeni kati ya 1994 na 1997, usafi wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66. Walioboreka ni wauguzi. Madaktari walibaki nyuma. Kamati iliikumbuka sehemu hiyo ya pili baadaye.

Wizi ulikuwa hoja nzito, wala sitaki kuidharau. Alkoholi huibwa kwa kunywewa, na chupa ndogo huingia mfukoni. Badala ya kufuli, kila chupa iliandikwa namba ya kitanda kwa rangi isiyofutika, ikahesabiwa katika makabidhiano ya zamu kama zinavyohesabiwa mikasi na vipimajoto. Mtungi mkubwa ulibaki umefungiwa, lakini ufunguo ukawa wa zamu, wala si wa mtu. Chupa zilizopotea baada ya hapo zilikuwa chache, na uongozi ulikubali kwamba chupa iliyopotea ni hasara ndogo kuliko chupa iliyofungiwa kabatini.

Bei ndiyo iliyomleta mfamasia mezani. Sanitaiza ya dukani kwa lita moja kila siku ilikuwa nje ya uwezo wa hospitali. Mfamasia alipendekeza itengenezwe palepale kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, ambayo kwa lita 10 hutaka ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi kufikia alama ya lita 10. Mchanganyiko huo huwa na ethanoli asilimia 80. Gliseroli inalainisha ngozi. Peroksaidi inamaliza mbegu za bakteria zinazoweza kuwa ndani ya chupa au katika viambato, ndiyo maana dawa huachwa saa 72 kabla ya kutumika. Eneo la Ziwa lina bahati yake: ethanoli hutengenezwa kwa molasi ya viwanda vya sukari huku huku, Muhoroni na Kisumu, kwa hiyo safari ya mzigo ni fupi.

Mfamasia alisisitiza usalama hadi wengine wakachoka, na alikuwa na haki. Ethanoli ya kiwango hicho hutoa mvuke unaoshika moto katika joto la takribani nyuzi 17 na nusu tu, na mchana wa Kisumu hauna siku inayoshuka hapo. Ilitengenezwa kwa kiasi kidogo, katika chumba chenye madirisha pande mbili, mbali na jiko la kuchemshia vifaa, na nguvu ya kila mkorogo ilipimwa kwa kipimaalkoholi kabla ya kutoka. Katika kitengo ilikatazwa kugusa mashine au mrija wa oksijeni kabla mikono haijakauka kabisa. Chupa tupu zilirudi famasia kuoshwa, kuuliwa vimelea na kukaushwa, wala hazikujazwa juu ya masalio.

Sabuni ya kufulia iliondolewa siku hiyo hiyo. Ilikuja sabuni ya mche ya kawaida, ikikatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye kisahani chenye matundu ili ikauke. Taulo ya msumarini ilitolewa. Zikashonwa taulo ndogo za matumizi ya mara moja kutoka kwenye mashuka yaliyochakaa, zikifuliwa na kupigwa pasi kila siku. Mtungi ulitobolewa ukafungwa koki, na kikombe cha kuchotea kikaondoka. Chombo cha mafuta ya ngozi kiliwekwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ukiniuliza ni kitu gani kiliwashawishi wauguzi kwamba safari hii mambo ni tofauti, nitakwambia ni hayo mafuta. Kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyeuliza mikono yao inajisikiaje.

Kuhusu glavu, mafunzo yalifupishwa kuwa jambo moja: glavu ni za damu, kinyesi na matapishi, si za kulisha wala kupima joto. Glavu inayotoka mtoto mmoja hadi mwingine hubeba vimelea kama mkono mtupu, tena bila mwenye mkono kuhisi. Matumizi ya glavu yalishuka, na fedha zilizookolewa zilisaidia kununua ethanoli.

Madaktari na akina mama

Madaktari tarajali na daktari mkuu wao walikuwa na tabia ya kupita raundi kwa haraka, kitanda hadi kitanda, mkono mmoja ukishika faili. Kamati ilijaribu kwanza wazo lililotoka kwenye miongozo ya nje: akina mama wavalishwe beji zenye maandishi ya kumkumbusha mhudumu asafishe mikono. Halikufaulu hata siku moja. Binti wa miaka 19, mtoto wake wa kwanza akiwa kwenye inkubeta, hawezi kumwambia daktari aliyemzidi umri na cheo kwamba hajasafisha mikono, wakati anaamini uhai wa mwanawe uko katika hisani ya daktari huyo. Beji zilikunjwa zikatiwa mikobani.

Msimamizi wa kitengo alipata njia nyingine, naye hakuitoa kwenye mwongozo wowote. Daktari alipofika kitanda cha kwanza, yeye mwenyewe alishika chupa akamkaribia: "Karibu daktari, mikono kwanza." Alifanya kama mwenyeji anayemmiminia mgeni maji kabla ya chakula. Hakuna mgeni anayekataa maji hayo, na hakuna anayeona ametukanwa. Kufikia juma la pili daktari mkuu alikuwa akinyoosha viganja kabla hajaambiwa, na madaktari tarajali walimfuata, kwa sababu mwanafunzi humtazama mkubwa wake kuliko anavyosoma bango. Alipokuwa likizo, raundi zilirudi nyuma kidogo.

Daktari huyo alipozungumza na tarajali wake aliwapa historia ya Ignaz Semmelweis, daktari wa wodi ya uzazi huko Vienna. Mwaka 1846, zaidi ya akina mama 11 kati ya kila 100 waliojifungua walifariki katika kliniki iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti. Mei 1847 aliwataka wasafishe mikono kwa maji ya klorini; mwaka 1848 waliofariki walikuwa mmoja na kidogo kati ya 100. Lakini hakuweza kuwabeba wenzake, na mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa. Daktari aliwaonyesha kwamba kuwa na ukweli hakukutosha, na kwamba mkubwa wa wadi akikataa, wadi nzima inakataa.

Kwa akina mama kazi ilikuwa nyepesi kuliko ilivyotarajiwa. Wao huingia kila baada ya saa tatu kukamua maziwa na kuwabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mama aliyekaa kitengoni muda mrefu alikuwa akimpokea mgeni, akimwonyesha kunawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kukamua, kwa Kiswahili au kwa Kiluo, kwa upole ambao muuguzi mwenye watoto 20 hana muda nao.

Matokeo

Usafi wa mikono kabla ya kumgusa mtoto ulipanda kuliko nyakati nyingine zote, na ulipanda usiku pia, jambo lililojulikana kwa kupima sanitaiza iliyotumika kila zamu badala ya kutegemea fomu peke yake. Matumizi yalivuka lita 20 kwa siku 1,000 za kulazwa na kubaki juu kwa miezi mingi. Ngozi za wauguzi zilipona.

Watoto walioambukizwa wakiwa kitengoni walipungua waziwazi. Hawakwisha. Kundi jingine dogo lilitokea baadaye, na tarehe zake ziliangukia katika kipindi ambacho ethanoli ilikuwa imekwisha na hati ya malipo imekwama ofisini, huku chupa kando ya vitanda zikiwa tupu.

Uchambuzi

Si haki kuipa mikono sifa zote. Katika miezi hiyo hiyo hospitali iliacha kugawanya chupa moja ya dripu ya sukari kwa watoto wengi, ikapata mrija wa kufyonza kwa kila mtoto, na ikapunguza kulaza wawili kitanda kimoja. Kila moja ya hatua hizo inaweza kupunguza Klebsiela. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba zote zilifanyika kwa sababu watu wawili walikaa usiku mzima kwenye kiti, na kwamba maambukizi kurejea wakati chupa zikiwa tupu, huku mabadiliko mengine yakiendelea, kunaelekeza kidole kwenye mikono.

Semina ya kwanza haikushindwa kwa sababu ilifundisha vibaya. Ilijibu swali ambalo halikuwa limeulizwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mambo matano yaende pamoja: vifaa, mafunzo, upimaji wenye mrejesho, vikumbusho kazini, na uongozi unaojali usalama. Hospitali ilichukua mafunzo na vikumbusho, yaani yale mawili ambayo hayahitaji ununuzi. Nimeona hilo katika vituo vingi, Nakuru hadi Busia, na naelewa ni kwa nini, lakini si haki muuguzi wa usiku alipie kwa jina lake upungufu ambao ni wa stoo.

Mrejesho ulibadilika sura pia. Mwanzoni matokeo yalisomwa mkutanoni kwa majina ya zamu, na zamu zikaanza kuficha. Baadaye yalibandikwa kwa kitengo kizima, kila Jumatatu, yakitenganisha "kabla" na "baada". Utengano huo ulifanya kazi kubwa kwa sababu uliwaonyesha wauguzi mahali ambapo mtoto alikuwa hana kinga, nao ni watu wanaowapenda watoto wale.

Kilichobaki dhaifu ni fedha. Mpango mzima ulisimama juu ya mfamasia mmoja na hati ya ununuzi inayosainiwa upya kila robo mwaka. Ethanoli ilihesabiwa kama vifaa vya usafi, pamoja na fagio na dawa ya sakafu, hivyo fedha zikipungua ndiyo ya kwanza kukatwa. Kamati imeomba ihamishiwe kwenye orodha ya dawa muhimu za kitengo, ili iagizwe kabla haijafika nusu, kama inavyoagizwa gentamaisini. Sheria ya 2023 inayoruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake inawapa wakubwa wa hospitali nafasi ya kufanya hivyo bila kungoja makao makuu ya kaunti, ila nafasi hiyo lazima mtu aitumie, na mtu huyo awe kwenye kikao cha bajeti. Muuguzi wa kuzuia maambukizi hakuwa mjumbe wa kikao hicho. Sasa anaalikwa.

Sinki bado liko mlangoni. Pampu bado inategemea stima. Siku za kuharisha kwa wingi, mvua zikianza na maji ya kisima yakichafuka, sanitaiza haiwezi kuchukua nafasi ya maji na sabuni kwa mikono iliyochafuka, na tangi la akiba la kitengo ni dogo mno. Wadi ya akina mama waliojifungua imeomba kuanzisha mpango kama huu, na mfamasia amewajibu kwamba kabla ya kumletea ombi la chupa, wamletee hesabu ya vitanda, ya mara za kuwagusa wazazi katika zamu moja ya usiku, na ya lita zitakazohitajika hadi mwisho wa mwaka.